Charlot, Matamata na Pilipili: Kicheko cha Senema katika Kampi za Shaba

Wengi wakisikia neno historia huwaza vita, mikataba na majina ya wakubwa. Mara hii tunawaomba ndugu wasomaji watuvumilie, maana tunataka kueleza historia ya kicheko. Tunasema kile kicheko kinachomtoka mtu asipotaka, anapomwona mwenzake juu ya kitambaa cheupe akiteleza, akianguka, akigongwa na ubao kichwani, kisha akiinuka na kuvaa kofia yake kama kwamba hakuna lililotokea. Kicheko hicho kilifika Katanga nyuma ya reli, shaba na misioni, na mashauri kilichozusha yalikuwa mengi.

Chanzo chake ni mbali na kwetu. Tarehe 28 Desemba 1895, mjini Paris, ndugu wawili wa ukoo wa Lumière walionyesha picha zao za kwanza mbele ya watu waliolipa kiingilio. Katika picha hizo mlikuwamo moja ya mtunza bustani anayemwagilia maji. Mtoto mtundu anakuja kwa nyuma, anakanyaga mpira wa maji, maji yanakatika. Yule mtu anauinua mpira aangalie tunduni, mtoto anaondoa mguu wake, na maji yote yanampiga mzee usoni. Kisha mtoto anakamatwa na kuchapwa. Basi, imekwisha, haikufika hata dakika moja. Hapakusemwa neno, wala neno halikuhitajiwa, na ndiyo maana mchezo ule ungeweza kuchekwa Paris, Bagamoyo au Bunkeya bila mkalimani.

Aliyeikuza kazi hiyo kupita wengine wote ni Charles Chaplin. Alizaliwa London mwaka 1889, akakua katika umaskini mkubwa, mpaka akapelekwa katika nyumba ya serikali ya kuwaweka mafukara. Mama yake aliugua akili. Mwaka 1914, huko California, alivaa kwa mara ya kwanza nguo ambazo dunia nzima ilikuja kuzijua: suruali pana, koti la kubana, viatu vikubwa mno, kofia ya duara na fimbo nyembamba. Wenye kusema Kifaransa walimwita Charlot, na kwa jina hilo ndivyo alivyojulikana katika Kongo ya Wabelgiji. Baadaye kidogo, tangu mwaka 1927, walitokea Stan Laurel na Oliver Hardy, mwembamba na mnene, ambao hawawezi kupandisha ngazi hata kinanda kimoja bila kukivunja pamoja na nyumba.

Sasa turudi Kambove. Wazee wetu walichimba na kuyeyusha shaba hapa zamani kabla Mzungu yeyote hajaiona. Wazungu waliwaita wala shaba, na Monsinyori de Hemptinne, mkuu wa misioni ya Wabenedikto, aliwaandikia kitabu kizima mwaka 1926. Kompani ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906. Reli ilifika Élisabethville mwaka 1910, ikafika Kambove mwaka 1913. Watu wakaletwa kutoka pande zote, Kasai, Lomami, Ruanda, Rhodesia ya Kaskazini, wakawekwa katika kampi, nyumba kwa mistari, posho kwa kipimo, king'ora cha kuamsha. Tangu mwaka 1928 hivi kompani ilibadili siasa yake: haikutaka tena mtu wa miezi sita anayerudi kwao, ilitaka mtu akae na mkewe na watoto wake. Watoto wakapata shule za mapadre na masista, wagonjwa wakapata hospitali. Lakini mtu aliyetoka kazini saa tisa au saa kumi, mbali na ngoma ya kijiji chake, atafanya nini mpaka usiku? Wakubwa wa kompani na wa misioni walijiuliza swali hilo pamoja, maana wote wawili waliogopa jibu moja, yaani pombe. Wakaleta mpira wa miguu, skauti, kwaya, na mwisho senema.

Wengine husema kwamba Kanisa lilikuwa adui wa senema. Maandiko hayaonyeshi hivyo. Baba Mtakatifu Pio XI, katika barua yake ya tarehe 29 Juni 1936, aliwaonya wakristu juu ya picha chafu, lakini alikubali kwamba watu waliochoka kwa kazi wanahitaji burudani iliyo njema. Pio XII aliandika tena juu ya senema, redio na televisheni mwezi wa Septemba 1957. Na tangu zamani zaidi Mtakatifu Thoma wa Akwino alifundisha kwamba roho nayo huchoka kama mwili, na pumziko lake ni mchezo. Anakumbusha kisa cha Mtakatifu Yohane Mwinjili. Watu walikwazika kumkuta akicheza pamoja na wanafunzi wake. Yohane akamwambia mmoja wao, mwenye upinde, apige mshale, kisha wa pili, kisha wa tatu. Akamwuliza kama angeweza kuendelea hivyo bila kukoma. Yule akajibu kwamba upinde ungevunjika. Thoma anaongeza neno ambalo baadhi yetu sisi makatekista tungefaa kulisoma polepole: asiyecheka kamwe, tena anawanyima wengine kucheka, yeye naye ana kasoro.

Shida ilikuwa kwingine. Serikali ya Wabelgiji iliogopa macho ya Mwafrika. Mwaka 1945 ilitoka sheria ya kwamba Mwafrika asionyeshwe senema ila ile iliyokubaliwa kwanza na kamisheni kwa ajili yake. Picha ambayo Mzungu aliitazama mjini akiwa na mkewe na watoto, mfanyakazi wake hakuruhusiwa kuiona mpaka imepimwa. Walihofu asije akamwona mtu mweupe akiiba, akilewa, akimpiga mwanamke, halafu kesho yake akose heshima kazini.

Pamoja na hofu hiyo kulikuwa na wazo jingine, nalo kwa maoni yetu ni baya zaidi kwa sababu lilivaa nguo ya elimu. Lilisema Mwafrika hafahamu senema. Huko Tanganyika, katika Vugiri penye milima ya Usambara, kati ya mwaka 1935 na 1937, ilifanywa kazi kubwa ya kujaribu senema za mafundisho kwa Waafrika. Asili yake ilikuwa safari ya J. Merle Davis, mtu wa misioni za Kiprotestanti, aliyekuja kuchunguza maisha katika migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, jirani zetu kabisa. Baada yao wakatokea mabwana wengi, wa Kiingereza na wa Kibelgiji, walioandika sheria za namna ya kumtengenezea Mwafrika picha: iende polepole, isikatwekatwe, mtu akitoka mlangoni aonyeshwe mpaka amefika, pasiwe na hila za masini. Wakati huohuo Charlot alikuwa akikimbizwa na polisi kuzunguka nyumba mara nne, akiingia dirishani na kutokea mlangoni, picha ikikatwa kila nukta, na watu waliodhaniwa hawafahamu walikuwa wamelala chini kwa kucheka. Mtu hawezi kucheka mahali panapostahili kama hakufahamu. Ushahidi ulikuwa mbele ya macho ya wataalamu hao kila Jumamosi usiku.

Katika mambo hayo ndipo mapadre wa Kongo walipoanza kutengeneza senema zao wenyewe. Bukavu walikuwako Mapadre Weupe, Kasai walikuwako wa Scheut. Katika Luluabourg, mji unaoitwa leo Kananga, Padri Albert Van Haelst wa shirika la Scheut alitengeneza katika miaka ya 1950 michezo mifupi ya watu wawili, Matamata na Pilipili, mnene na mwembamba. Kila mtu huona mara moja kwamba baba zao ni Laurel na Hardy. Lakini wachezaji walikuwa Wakongo, nyumba zilikuwa za Kongo, na mashauri yalikuwa yetu: kutafuta kazi mjini, mambo ya mke na mume, kujidai mstaarabu kabla ya kustaarabika. Picha zilichukuliwa katika lori, zikaonyeshwa katika misioni. Mwaka 1996 Tristan Bourlard alitengeneza filamu ya kueleza habari zao, nayo inafaa kutafutwa na yeyote anayependa historia ya misioni.

Wachezaji wale walikuwa mafundi. Kuanguka bila kuumia, na kuanguka kwa wakati wake, ni kazi ngumu kuliko kuhubiri, na tunasema hivyo sisi ambao tumewahi kuhubiri. Padri naye alifanya jambo ambalo wakubwa wengi wa serikali hawakulifanya: aliamini kwamba Mkongo anaweza kusimama mbele ya kamera akawa mchekeshaji wa kwelikweli, asiwe mpagazi wa kupita nyuma tu. Hata hivyo tuna neno. Katika michezo iliyotengenezwa wakati ule kwa ajili ya Waafrika, anayeanguka ni mtu mweusi aliyetoka kijijini, asiyejua viatu, asiyejua baiskeli, asiyejua saa. Mtazamaji anafundishwa amcheke huyo ili yeye asifanane naye. Kwa Charlot mambo ni mengine. Kwake huanguka polisi. Huanguka tajiri mwenye tumbo. Huanguka bosi wa kiwanda, na mhudumu wa hoteli, na Charlot mwenyewe kabla ya wote. Mwenye kumcheka huyo hajui atachekwa lini, labda dakika ijayo. Sisi tunaona kicheko cha namna hii kiko karibu zaidi na Injili, ingawa Chaplin hakukusudia kutuletea katekismu.

Wazee wachache wa parokia yetu, waliokuwa watoto wa kampi katika miaka ile, wametusimulia jinsi ilivyokuwa. Kitambaa kilifungwa kati ya miti miwili. Wakubwa walikaa mbele juu ya viti, akina mama upande mmoja na watoto chini. Watoto waliokosa nafasi walikwenda nyuma ya kitambaa, wakaitazama picha yote kinyume, na mmoja anasema mpaka leo anamkumbuka Charlot kama mtu anayeshika fimbo kwa mkono wa kushoto. Masini ilinguruma kama kinu. Karibu nayo alisimama msemaji mwenye kipaza sauti, ambaye kazi yake ilikuwa kueleza picha kwa Kiswahili na kuonyesha funzo lake.

Huyo msemaji ndiye tunayemwona kuwa mtu mkubwa katika historia hii, ingawa jina lake halikuandikwa popote. Alipewa maneno ya kusema, naye akayasema, kisha akaongeza yake. Mzee mmoja anatuambia kwamba polisi mnene wa Charlot hakuitwa polisi: msemaji alimpa sauti ya kapita mmoja wa kampi, na mwendo wa kapita huyo ulifanana kweli. Polisi alipopigwa teke na kutumbukia katika pipa, kampi nzima ilipiga kelele. Mzungu aliyekaa mbele alicheka pia, maana aliona teke tu. Padri, ambaye alikijua Kiswahili, hakucheka, wala hakumkataza msemaji. Alitazama viatu vyake, asema mzee. Picha iliyoletwa ili watu watulie ilikuwa imepata maana nyingine katika kinywa cha mtu mmoja, mbele ya wakubwa wote, bila kuvunja sheria hata moja.

Ndiyo sababu hatukubali maneno ya wale wasemao kwamba uchekeshaji wa Katanga ni kitu cha kuigwa tu. Élisabethville, katika sehemu ya mji iitwayo Kenya, walitokea katika miaka ya 1950 vijana waliojiita Jecoke, yaani Vijana Wachekeshaji wa Kenya, walioimba na kucheza kwa Kiswahili. Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, alinasa nyimbo zao. Baada yao likaja kundi la Mufwankolo, lililojulikana kwa redio na kisha kwa televisheni. Mufwankolo alichukua Kiswahili cha Lubumbashi kama kilivyo, pamoja na Kifaransa chake kilichovunjika na Kibemba chake, akakifanya kuwa lugha ya jukwaa. Mwaka 1986 kundi hilo lilitunga mchezo juu ya methali ya kwamba mamlaka huliwa mazima, hayagawanywi. Mtaalamu Johannes Fabian aliuandikia kitabu kilichotoka mwaka 1990. Ukitazama mwendo wa wachezaji wale, tumbo mbele, kofia upande, kuanguka kusikotazamiwa, utawatambua jamaa wa kitambaa cheupe; ukisikiliza maneno yao, utamtambua yule msemaji wa kampi.

Mambo ya kampi yaligeuka. Tarehe 1 Januari 1967 serikali ilichukua mali ya Union Minière, ikazaliwa kompani iliyokuja kuitwa Gécamines. Kwa miaka kadhaa kazi iliendelea. Tangu mwaka 1990 hivi ilianguka, na hapa neno kuanguka halichekeshi. Mishahara ilikaa miezi na miezi bila kulipwa. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliachishwa kwa mpango ulioitwa wa hiari, wengi wao wakipewa fedha zisizofikia haki waliyoidai. Sheria ya madini ya mwaka 2002 ilikuwa imekwisha kumtambua mchimbaji wa mikono. Basi wana na wajukuu wa watu waliokaa chini mbele ya kitambaa cheupe wakashika sululu, kamba na taa ya kichwani, wakaingia shimoni bila king'ora na bila posho.

Kwa vijana wa namna hiyo sisi makatekista tulionyesha mwaka mmoja, katika ukumbi wa parokia, filamu ya Chaplin ya mwaka 1925 juu ya wachimba dhahabu wa kaskazini ya Amerika. Hakuna kati yao aliyewahi kumwona Charlot. Kusema kweli hata sisi wenyewe hatukuwa tumeiona nzima. Tulikuwa tumesoma tu. Nakala yetu ilikuwa ile ya mwaka 1942, ambayo Chaplin aliitia muziki na sauti yake mwenyewe akieleza kwa Kiingereza. Kwa kuwa Kiingereza hakikuwafaa, tulizima sauti. Hapakupita dakika tano, kijana mmoja aliye nyuma akaanza kueleza picha kwa Kiswahili, hakuna aliyemtuma. Tuliangaliana na wale wazee waliokuwapo.

Wengi wanajua habari ya kiatu. Charlot na mwenziwe, Big Jim, wamefungwa na theluji ndani ya kibanda, chakula kimekwisha, ni siku ya sikukuu ya kushukuru. Charlot anapika kiatu chake, anakipakua kwa heshima, anazungusha kamba zake kama tambi, ananyonya misumari kama mifupa ya kuku. Kiatu kile cha senema kilitengenezwa kwa peremende nyeusi, lakini njaa ilikuwa ya kweli kwa mtu aliyeikumbuka tangu utoto wake. Vijana walicheka mpaka machozi. Mmoja akasema kwa sauti kwamba afadhali Charlot ana kiatu. Hapo walicheka tena, kwa namna nyingine.

Kisha ikafika sehemu ya kibanda kilichosukumwa na dhoruba mpaka ukingoni mwa genge. Nusu ya nyumba iko juu ya mwamba, nusu hewani, na wawili wale ndani hawajui. Wakisogea upande huu nyumba inainama. Wakisogea upande huu inarudi. Watu wa Ulaya, tumesoma, huchekea hapo kuliko mahali pote. Katika ukumbi wetu palikuwa kimya. Hata msemaji wetu alinyamaza. Watu hawa wanajua ardhi inavyosema kabla ya kukatika, na karibu kila mmoja ana mtu aliyebaki chini. Sisi tulikuwa karibu kuizima masini. Ndipo Charlot akakohoa, nyumba ikacheza, na sauti moja ikalia gizani, "Usikohoe, baba!" Ukumbi ukapasuka.

Lakini jambo lililowashika halikuwa hilo. Big Jim anawahi kutoka nje ya kibanda, na papo hapo, katika theluji, anakiona kile kiwanja chake cha dhahabu alichokipoteza. Anarukaruka kwa furaha. Na Charlot bado yumo ndani, nyumba inateleza. Kisha Big Jim anakumbuka, anatupa kamba, Charlot anavutwa na kuruka, kibanda kinakwenda chini. Taa zilipowashwa wale vijana hawakuuliza juu ya dhahabu wala juu ya msichana. Walishika neno moja, kwamba ameliona jiwe akamsahau mwenzake, nao walibishana mpaka usiku: wengine wakimtetea kwa kuwa alikumbuka, wengine wakisema aliyekumbuka kwa kuchelewa hana tofauti na asiyekumbuka, na wote walijua kwamba hawasemi tena habari za Big Jim. Wakaomba tuirudishe sehemu ile. Tuliirudisha mara tatu, na kila mara walihesabu kwa sauti, pamoja, tangu Big Jim anapoanza kushangilia mpaka anapoishika kamba.